Bima ya Stéphane

Tangu walipomzika mdogo wake, Mado Tshibola hakuweza tena kutulia mahali pamoja. Alikuwa mshonaji wa sare za shule huko Kapata, mtaa wa Kolwezi, na cherehani yake ilikaa barazani, katika nyumba ambayo baba yake aliachiwa na kampuni ya mgodi siku za zamani. Wateja walileta vitambaa vyao, naye alipima, akakata, kisha akagundua kwamba mkono mmoja wa shati ni mfupi kuliko mwenzake. Aliinuka kutafuta chaki, akajikuta yuko jikoni hakumbuki alichofuata. Akishika ufagio, alifagia ua uliokwisha kufagiliwa.

Majirani walisema ni msiba. Walisema kweli, ila haukuwa msiba peke yake.

Mdogo wake, Stéphane, alikuwa mchimbaji wa kobalti, mmoja wa wale vijana wanaoshuka mashimoni kwa kamba na tochi ya kichwani. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti nzuri, na Jumapili kwaya ya parokia ilimsubiri yeye ndipo ianze. Alipochoka kuchimba kwa mikono tu, alipata wazo la kununua motopompi, mashine ya kuvuta maji. Mvua zikianza, mashimo yote hujaa, na mwenye motopompi hubembelezwa na kila timu. Alikwenda kwenye nyumba ya mikopo karibu na stesheni. Wakamwambia alete mdhamini, akamleta dada yake. Mado aliweka sahihi bila kumweleza mumewe, François, fundi wa umeme aliyechukia mikopo kama wengine wanavyochukia ulevi.

Aliyewapokea siku ile alikuwa kijana nadhifu aitwaye Dimitri. Alipomaliza habari ya mkopo, aliwaeleza habari ya bima, ambayo Kolwezi wanaiita asiransi.

"Ni lazima?" Mado aliuliza.

"Haiko ya lazima, mama, lakini bila ile, mambo yenu itakawia sana. Na asiransi iko muzuri. Mutu akikufa, deni inakufa pamoja naye. Hakuna mutu atakuya kugonga ku mulango yenu."

Stéphane akaangua kicheko. "Basi mi nilipe mbele juu ya kufa yangu?"

Wakacheka wote watatu. Pesa ya bima ikakatwa palepale, kabla mkopo haujafika mkononi.

Motopompi ilifanya kazi msimu mmoja na nusu. Kisha siku moja baada ya mvua kubwa udongo uliporomoka, na Stéphane alikuwa chini. Kwenye kilio, Dimitri alikuja. Alikaa kwenye viti vya plastiki katikati ya wachimbaji wenye buti za matope, akala walichokula, na kabla ya kuondoka alimwinamia mama yao, mama mzee aliyekuwa amesafiri kutoka Mutshatsha, akamshika mikono miwili.

"Mama, juu ya ile krediti usisumbuke," alisema, na watu waliokaa karibu walimsikia. "Stéphane alilipaka asiransi. Ile mambo imekwisha."

Mama yao hakujua hata kama kulikuwa na mkopo. Alimshukuru hata hivyo.

Majuma machache baadaye wakaja watu wawili na pikipiki, wakauliza nyumba ya Mado mshonaji. Hawakuvua kofia. Walimwambia kwamba watu wa bima wamekataa kulipa, kwa sababu bima ile haimhusu mtu anayechimba kwa mikono. Deni liko palepale, na marehemu halipi. Mdhamini ndiye anayelipa. Akikawia, cherehani itachukuliwa, na vyombo vya nyumbani, na ikibidi watazungumza habari ya nyumba yenyewe.

François alikuwa ndani. Alitoka na bisibisi mkononi.

"Deni gani?" akauliza.

Hivyo ndivyo alivyojua. Hakupiga kelele, na Mado alitamani angepiga. Alirudi ndani, akakaa, na siku zile zote alizungumza na mkewe kwa maneno ya lazima tu: chumvi, ufunguo, maji.

Mado alikwenda ofisini. Aliketi kwenye benchi akainuka, akaketi akainuka, mpaka mlinzi akamwambia, "Mama, tulia, shefu atakuita." Kando yake alikuwepo mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa akimtazama kwa muda.

"Yaya, na we ni juu ya bwana?" akauliza kwa sauti ndogo, akimwita yaya kama dada mkubwa.

"Mudogo wangu. Shimo ilimuangukia."

"Mi ni bwana." Jina lake lilikuwa Jémima. Mumewe naye alikuwa mchimbaji, naye aliambiwa maneno yaleyale, mutu akikufa deni inakufa. Tofauti ni kwamba yeye alikwisha anza kulipa. Alikuwa ameuza kitanda na redio, na sasa alikuja kuomba wampe muda, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuuza. Hakulalamika. Alieleza kama mtu anayesimulia njia ya kwenda sokoni.

Shefu wa ofisi alikuwa mtu wa adabu. Alimkaribisha Mado kiti, akampa pole, akamweleza taratibu kwamba bima haigusi kazi za hatari, na kwamba marehemu alijitambulisha kuwa mfanyabiashara.

"Stéphane hakusemaka vile," Mado akasema. "Dimitri njo aliandika. Na alijua. Alikuyaka ku kilio, alikaa na bachimbaji. Alitwambia imekwisha."

"Mama, maneno ya kilio ni maneno ya kufariji."

"Mulimukata pesa ya asiransi juu ya kumufariji?"

Shefu akapanga kalamu zake. Kisha akasema kwamba Dimitri amehamishiwa Fungurume, na kwamba siku za malipo zinahesabika.

Mado alitoka pale miguu ikimwasha. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Glodi, aliyekuwa mwenzake Stéphane katika timu, akamkuta anaosha mawe kwenye maji mekundu.

"Dimitri wa krediti, alijua kazi yenu?"

Glodi akacheka kidogo, bila furaha. "Yaya Mado, alikuya kuona motopompi. Stéphane akamwambia, shuka uone vile inakunywa maji. Akashuka. Akafika katikati, akaanza kuita mama yake. Tulimuvuta na kamba." Akaonekana ana jambo jingine la kusema. "Yaya, ile siku ya mwisho, Stéphane…"

Lakini Mado alikuwa amekwisha geuka. "Utasema ile ya Dimitri mbele ya juji?"

"Nitasema."

"Basi." Akaondoka mbio mbio kutafuta gari la Fungurume.

Barabara ilikuwa imejaa malori ya madini, yamepangana mengine nyuma ya mengine, madereva wamelala chini yake kivulini. Mado aliketi mbele kati ya dereva na gunia la mahindi, na kila gari liliposimama alifungua mlango kama anayetaka kushuka atembee.

"Mama, hata ukitembea, lori hazitakupisha," dereva akamwambia.

Alimkuta Dimitri sokoni, chini ya mwavuli mkubwa wenye rangi za nyumba ya mikopo. Hakumwona Mado. Mbele yake aliketi mwanamke wa makamo aliyekuja kuombea mkopo mwanawe, na Mado alipofika nyuma yao alisikia sauti ileile, tulivu, tamu:

"Asiransi iko muzuri, mama. Mutu akikufa, deni inakufa pamoja naye."

Mado alidhani angepiga kelele. Badala yake alimgusa yule mwanamke begani.

"Mama, mutoto wako anafanya kazi gani?"

"Anachimba."

"Muulize huyu kama ile asiransi inalipa mutu mwenye kuchimba."

Mwanamke akamtazama Dimitri. Dimitri akamtazama Mado, akamtambua. Mwanamke alichukua mkoba wake taratibu, akainuka, akaenda zake.

"Mama Mado," Dimitri akasema mwishowe, "si hapa."

Walikwenda nyuma ya vibanda vya samaki wakavu. Pale Dimitri hakujifanya. Alisema waliambiwa wasiulize sana habari ya kazi. Ukiandika mchimbaji, mkopo unakataliwa. Ukiandika mfanyabiashara, unapita, na bima inapita pamoja nao, na mwisho wa mwezi wakala walioandika bima nyingi wanapewa kitu juu ya mshahara.

"Na ku kilio? Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu alinituma." Alikuwa akitazama chini. "Nilimupenda Stéphane. Niliamini watalipa. Mara ya kwanza niliamini."

"Na lelo? Uliamini?"

Dimitri alisogeza kijiwe kwa ncha ya kiatu.

"Kuya Kolwezi," Mado akasema. "Useme tu hii umenambia."

"Niko na batoto, Mama Mado. Nikisema, kesho sina kazi. Usiniombe ile."

"Jémima naye eko na mutoto. Aliuza kitanda. Unamujua Jémima?"

Alimjua. Mado aliona machoni mwake kwamba alimjua. Lakini alitikisa kichwa, akarudi chini ya mwavuli wake, na Mado akabaki amesimama kati ya harufu ya samaki, hasira yake haina pa kwenda.

Bila shaka Dimitri alipiga simu, kwa maana siku iliyofuata shefu alimwita Mado mwenyewe, na mara hii alimletea soda baridi. Nyumba ya mikopo, alisema, imetafakari. Kwa kuheshimu msiba wa familia, deni la Stéphane litafutwa lote. Mado atakubali kwa sahihi yake kwamba hana dai lolote, na kwamba mambo haya hatayazungumza na mtu.

Mado alisikia kitu kikilegea kifuani, mara ya kwanza tangu mazishi. Aliiona cherehani yake imebaki barazani. Alimwona François akimwita tena Mama Fifi, kwa jina la binti yao. Akaishika kalamu.

"Na Jémima?" akauliza.

"Jémima ni mambo ingine."

"Si ni bima moja?"

"Mama, mi ninazungumza na we juu ya yako. Kila mutu na mambo yake."

Kalamu ilikuwa nzuri, nzito. Mado aliigeuza vidoleni. Alijua kwamba akisaini hatathubutu kumtazama yule binti usoni, na Kolwezi si mji mkubwa. Alijua pia kwamba asiposaini anaweza kupoteza kila kitu kwa ajili ya mtu aliyekutana naye kwenye benchi. Aliirudisha kalamu mezani.

"Nitafikiri," akasema, na miguu yake ilikuwa mlangoni kabla ya mdomo kumaliza.

Nyumbani alimweleza François yote, kwa sababu alikwisha choka kuficha. François aliweka sahani chini.

"Walikupa njia ya kutoka, ukakatala kutoka?"

"Sikukatala. Nilisema nitafikiri."

"Mama Fifi, huyu Jémima ni nani kwetu? Ni ndugu? Ni mutu wa Kasai kama sisi? Hata kanisa yake huijui!"

"Alikuwa kando yangu ku benchi," Mado akasema, na akasikia mwenyewe jinsi jibu lile lilivyokuwa dogo.

"Nyumba hii ni ya baba yako. Ukiipoteza, usiniite nikubembeleze." Akachukua mkoba wake wa kazi akatoka, ingawa ilikuwa Jumamosi na hakuna aliyemwita.

Mado hakusaini. Haikuwa kwa ushujaa. Kila asubuhi alivaa viatu akisema leo nakwenda kusaini, akafika mpaka mzunguko wa barabara, akageuka. Mwisho alikwenda kwa Jémima, akamwambia habari ya ile soda baridi na ile kalamu. Jémima alisikiliza huku ananyonyesha.

"Ungesaini, yaya," akasema. "Mi nisingekulaumu."

"Najua. Njo maana sikusaini."

Wakaenda wote wawili kwa avoka mmoja, wakili wa parokia, mzee anayesaidia watu wasio na uwezo, na nyumba ya mikopo ilipowashtaki, akaunganisha mashauri yao kuwa moja.

Siku ya kusikilizwa, chumba cha mahakama kilijaa joto. Jaji alikuwa mwanamke mwenye miwani, mwenye kusema polepole. Glodi alisimama, amevaa shati la kuazima, akasimulia habari ya kamba na ya Dimitri kuita mama yake, na watu wakacheka mpaka jaji akagonga meza. Avoka wa nyumba ya mikopo akainuka akasema kwamba rafiki wa marehemu atasema lolote la kumsaidia dada wa marehemu, na kwamba wakala mwenyewe yupo, ameitwa, aulizwe.

Dimitri alikuwa ameketi upande wao, amevaa shati lenye nembo ya nyumba ya mikopo. Alisimama. Mado, ambaye asubuhi yote alikuwa akifumua na kufunga fundo la kitambaa chake cha kichwa, aliacha mikono yake.

"Ulimufahamu marehemu Stéphane?" jaji akauliza.

"Ndiyo, Mama Juji."

"Ulijua kazi yake?"

Nje lori lilikuwa likirudi nyuma na kengele yake ikilia, ikilia, na kila mtu alisubiri iishe. Avoka wake akakohoa.

"Nilijua," Dimitri akasema. "Nilishukaka naye mu shimo. Ni kweli vile huyu anasema. Bwana ya mama huyu pia," akamwonyesha Jémima kwa kidole, "nilijua. Nilijua boote. Niliandika bacommerçant, ni kusema bafanyabiashara, juu tuliambiwa tuandike vile."

Jaji akaandika. Avoka wa nyumba ya mikopo akaomba shauri liahirishwe, na alipokuwa anaomba alikuwa tayari anakusanya makaratasi yake.

Halikurudi tena. Kabla ya siku ya pili, nyumba ya mikopo iliondoa madai yote mawili. Jémima alirudishiwa alichokuwa amelipa, si mara moja, na si bila kwenda kuomba mara kwa mara, lakini alirudishiwa. Kwa nini Dimitri alisema, Mado hakujua kamwe. Walipopishana kwenye ngazi za mahakama alimwambia asante, na Dimitri akapita kana kwamba hakusikia, akalivua lile shati lenye nembo njiani, akabaki na singlendi. Baadaye Mado alisikia kwamba hana kazi, na alipata siku mbaya kwa habari ile, ingawa François alisema kila mtu anabeba lake. François alisema hivyo akiwa amekaa barazani, anarekebisha taa ya cherehani bila kuombwa.

Basi yaliisha. Watu wa Kapata walikuja kumpongeza, wakaleta vitambaa. Mado akakata mkono mmoja wa shati mfupi kuliko mwingine.

Hapo ndipo alipoogopa. Alikuwa amejiambia kwamba mambo ya deni yakiisha, mwili wake utatulia. Yameisha, na bado alikuwa akiinuka, akiketi, akiinuka. Akafunga cherehani, akamwambia François, "Ninaenda kuona mama," na akapanda gari la Mutshatsha.

Mama yao alikuwa uani, anatandaza mihogo juu ya mkeka. Mado akaketi chini kando yake, akaanza kumsimulia: Fungurume, ile kalamu, jaji mwenye miwani, deni limefutwa kabisa. Mama aliendelea kutandaza. Alisema "eh" mahali pa kusema "eh." Mado alipomaliza, mama yake alipangusa mikono.

"Ile asubuhi, alikula?" akauliza.

"Nani?"

"Mutoto wangu. Kabla ya kushuka. Alikula nini?"

Miezi yote hii alikuwa amewauliza watu wote wa Kolwezi kuhusu Dimitri. Alijua Dimitri alishuka lini, alikwamia wapi, alipiga kelele gani. Kuhusu Stéphane hakuwa amemwuliza mtu hata neno moja.

"Sijui, mama," akasema. "Sikuuliza."

Mama yake hakumlaumu. Alirudi kwenye mihogo. Mado akatoa simu, akatafuta jina la Glodi. Simu ililia kwa muda kabla ya kupokewa.

"Yaya Mado? Kuko shida ingine?"

"Hapana. Niko na mama. Anataka kujua ile siku, Stéphane alikula nini."

Alisikia maji yakimwagika huko Glodi alikokuwa, na mtu akiimba mbali.

"Ngoja nikae," Glodi akasema. "Mama ananisikia?"

Mado akaongeza sauti, akaiweka simu juu ya mkeka, katikati ya vipande vyeupe vya mihogo. Mama yao akasogea karibu.

"Anakusikia."

"Basi, mama," Glodi akaanza, "tulikula bukari, ugali ya jana, baridi, na samaki kidogo. Stéphane alisema iko mubaya, lakini alikula yote, na yangu akakula pia. Kisha akaanza kuimba…"

Machozi yakamtoka Mado bila kumwomba ruhusa. Hakuinuka. Alikaa palepale, magoti yake yamegusana na ya mama yake, wakisikiliza.